Kumuaga Muzee Zacharie na Kuku Zake Nyeupe, Mara ya Tatu

Muheshimiwa Shefu wa kartie ya Rwambuzi. Baba Pasta na Mama Pasta. Ndugu wageni waalikwa wenye mumetoka ku kartie zingine za muji. Wafugaji wenzangu wa kuku, wamama mbele na wapapa nyuma, maana mu chama yetu njo vile. Na weye mwenyewe, Muzee Zacharie, prezida wetu, mwenye tunaaga leo: nawasalimia wote. Jambo yenu.

Mimi ni Alphonsine, katibu wa chama na jirani wa Muzee, lupango ku lupango, uzio moja tu katikati yetu. Wengi munanijua. Munanijua sana, juu hii ni mara ya tatu nasimama hapa, na kitambaa hiki hiki, kwa kumuaga mutu moja. Mara ya kwanza tulilia. Mara ya pili tulilia kidogo. Leo asubui Mama Priscille, mufugaji mwenzetu, ameniuliza kama ni lazima kulia, ao inatosha kukula. Nikamujibu: tukule kwanza, tutaona.

Wageni, pengine hamujui sababu. Muzee Zacharie alifundisha ku Boga myaka makumi tatu na ine. Alikuwa na kuku makumi tatu, zote nyeupe, mupaka watu walikuwa wanaita kule "kwa kuku nyeupe". Siku ya kukimbia vita, alifika hapa Bunia na kuku moja chini ya koti na jogoo moja mudogo ndani ya mufuko. Akaapa mbele yetu: nitarudi vile nilikuwa, na kuku nyeupe makumi tatu, bila alama. Je, nani kati yetu angemucheka? Mutu mwenye alipoteza nyumba, vitabu na ngombe, tungemukataza rangi?

Lakini vitoto vya kuku vilianza kutoka na unyoya nyekundu ku shingo.

Hapa njo ualimu ilianza kutusumbua. Muzee alisema ni udongo ya Rwambuzi, iko nyekundu, inaingia mu yayi. Akatandika viota na shemizi yake nyeupe, ile shati ya ku kanisa. Vitoto vikatoka na nyekundu ku shingo. Mama Priscille akamuambia kuku yenye inaatamia inazaa kile inaangalia. Muzee akapaka chokaa nyumba yote ya kuku, akapaka hata sahani ya maji, kisha akavaa nguo nyeupe ya korali na kukaa pale asubui muzima, anaangaliana na kuku macho kwa macho. Vitoto vikatoka na nyekundu ku shingo, na ku mabawa pia.

Mara ya kwanza ya kumuaga, aliangalia vile vitoto, akasema hawezi kurudi, watu wa Boga watasema amechukua kuku za soko. Tukakula, tukaenda kulala. Mara ya pili alikuwa hata ameshapanda kamio ya Léon, dereva wa lori, mizigo yote juu. Palepale kuku moja ikatotoa ndani ya kitunga, kichwa nyekundu ikachungulia inje. Muzee akashuka. Léon hajasahau ile siku, ndiyo sababu leo ameacha motere inawaka.

Wafugaji wapendwa, semeni kweli: mu kartie hii, nani iko na jogoo nyekundu?

Musiniangalie vile.

Ndiyo, ni Koloneli wangu. Tulimupa ile jina juu anaingia mu lupango ya watu bila kubisha, anakula, na hakuna mwenye anamuuliza kitu. Monsenyere, jogoo nyeupe ya Muzee, sisemi ubaya yake. Ni muzuri, anatembea polepole sawa askofu. Lakini akipata kumbikumbi, anaikula yeye peke yake. Koloneli akiokota mbegu moja ya mahindi, anaita wamama, anangoja wakule, yeye anabaki na njaa. Kuku si wajinga. Wangemufuata nani?

Sasa, Muzee, nasema kitu yenye haiko mu karatasi hii. Mara ya kwanza, Koloneli alipita ku tundu ya uzio yeye mwenyewe. Weye ukaziba na ubao. Ule ubao, mimi njo niliutoa. Na mikono yangu miwili, mimi katibu.

Ngojeni, musipige kelele.

Nilifanya vile juu barabara ya Boga ilikuwa imefunguka, na ya kwetu, kule Djugu, bado. Kila mwezi mutu anafunga mizigo, anaenda kwao, siye tunabaki tunapanga viti. Nilifika hapa na watoto wawili na ile jogoo, na weye njo mutu wa kwanza mwenye alinipa mayai bila kuniuliza natoka upande gani. Nilikuwa naogopa kuamuka asubui na kusikia kwako kimya. Nisamehe. Nilijua nafanya vibaya, na nikafanya.

Lakini na weye, Muzee! Mwalimu ya myaka makumi tatu na ine! Jogoo nyekundu iko juu ya ukuta yako kila siku, na weye unapaka chokaa ku sahani? Mimi nazani ulikuwa unaona vizuri. Ulikuwa unaogopa kufika kule na kujua nani hayiko tena. Basi mimi nilitoa ubao, weye ukashuka ku kamio, na Koloneli peke yake njo alikuwa anafanya kazi.

Sasa inatosha. Amani yetu munaijua: leo iko, kesho tunauliza kwanza ku redio. Leo barabara iko wazi. Panda na kuku zote, zenye madoa na zenye hazina. Watu wa Boga hawatahesabu manyoya. Watakuuliza kama umekula.

Kwa jina ya chama, aksanti kwa mayai, kwa dawa ya kideri, na kwa kutugombeza kila siku ya Pili, ku mukutano. Shefu, aksanti kwa kuya kwako. Wageni, aksanti kwa kuvumilia jua.

Muzee, nakuomba kitu moja. Siku barabara ya Djugu itafunguka, kuya weye unisomee maneno ya kuniaga. Andika fupi. Mimi nitakuwa nimeshapanda.

Aksanti yenu kwa kunipa masikio.