Ulloriaq, Aliyepinduka Akarudi

Mchungaji amenipa dakika tano, na dada yangu aliishi miaka sabini na mitatu, kwa hiyo nisikilizeni bila kukohoa. Mimi ni Hansigne, mdogo wake wa pekee. Leo Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, hapa Maniitsoq, tunamsindikiza Dorthe Ulloriaq Lyberth.

Marehemu alizaliwa Kangaamiut tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Jakob na Magdalene Petrussen. Miezi mitano kabla, tarehe 9 Oktoba 1950, babu yetu Ulloriaq alitoka na kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, kuwinda sili. Kayaki ilionekana kesho yake, imelala kifudifudi. Yeye hakuonekana tena. Mtoto akapewa jina lake, na kama ilivyo desturi yetu, pamoja na jina akapewa na heshima ya mwenyewe. Baba yetu alimwita "baba". Bibi Birgithe, mjane wa babu, alimwita "mume wangu" na kumwekea mbavu za sili zilizonona kuliko zote. Dada naye, kabla meno hayajamaliza kuota, alikuwa akimwagiza "mke wangu" kahawa. Mimi nilipozaliwa nilikuta mambo yameshapangwa. Tukikosa wawili nilichapwa peke yangu, maana nani anamchapa baba yake?

Lakini bibi hakutaka kumwona karibu na kayaki. Dada alipokuwa na miaka tisa, bibi alimkuta ameketi ndani ya kayaki ya jirani, ufukweni, juu ya mawe makavu. Akamtoa kwa kumvuta sikio.

"Umeshaniacha mjane mara moja. Mara ya pili sikubali. Apa hutaingia tena humo."

"Mpaka lini, mke wangu?"

"Mpaka nikupe ruhusa. Na usiingoje."

Dada aliapa, na tangu siku hiyo hakutamani kitu kingine chochote.

Alisoma Kangaamiut kuanzia mwaka 1958, na mwaka 1964 akapelekwa Denmark mwaka mmoja, kama watoto wengi wa rika lake. Huko alifundishwa kuogelea kwenye bwawa la ndani. Alirudi akijigamba. Bibi akamwuliza, "Hayo maji yalikuwa ya moto?" Akajibu ndiyo. "Basi umejifunza kuoga." Dada alinuna wiki nzima, lakini maneno yalimwingia. Katika bahari yetu mtu haokolewi na mikono inayopiga maji. Anaokolewa na kutotoka ndani ya chombo chake.

Familia ilihamia Maniitsoq mwaka 1966. Marehemu aliingia kiwanda cha samaki mwaka 1968 akiwa mkata samaki, akastaafu mwaka 2011 akiwa msimamizi. Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Tittus Lyberth, mvuvi, katika kanisa hili hili. Bibi alihudhuria kwa shingo upande. Baada ya ibada alimwita bwana harusi pembeni: "Kijana, kuanzia leo wewe ni mke mwenzangu. Usinizoee." Tittus alimletea samaki kila Ijumaa mpaka bibi alipofariki.

Mwaka 1985 vijana wa mji walianzisha chama cha kayaki, maana waliojua walikuwa wamebaki wazee wachache. Dada alikuwa na miaka thelathini na minne, na kiapo bado kiko shingoni. Akapiga moyo konde, akaenda kwa bibi. Bibi akamaliza kahawa yake kwanza.

"Mume wangu alipinduka hakurudi," akasema. "Nakupa mwaka mmoja ujifunze. Halafu utapinduka mbele ya macho yangu. Ukirudi juu mwenyewe, uko huru. Ukivutwa na watu, kiapo ni cha maisha."

Mzee Enok Heilmann, rafiki wa babu, ndiye aliyemjengea kayaki. Dada alipokwenda kupimwa, mzee alimfukuza: "Vipimo vyako ninavyo, Ulloriaq. Nilikujengea ile nyingine mwaka 1938." Miezi miwili baadaye chombo kikawa tayari, chembamba, kizuri ajabu. Dada akaingia miguu, akaingia mapaja, nyonga zikakwama. Tulimchomoa watu wanne. Mzee Enok alizunguka akimkagua, akatikisa kichwa.

"Tangu ufe umenenepa sana, ndugu yangu."

Ikabidi ampime upya, kwa pima za mikono yake na upana wa nyonga zake mwenyewe. Tangu hapo kila mwanafunzi wa dada alisikia neno hili kabla ya jingine lolote: kayaki hupimwa kwa mwili wako.

Majira yote ya baridi alining'inia ukumbini kwenye kamba za mazoezi, akijizungusha mpaka tumbo likajua njia. Majira ya kuchipua akaingia maji ya kiunoni nyuma ya gati.

Jumamosi tarehe 12 Julai 1986 tulimkalisha bibi ufukweni juu ya kreti la samaki. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Dada alifunga koti la ngozi ya sili usoni, mikononi na kwenye mdomo wa kayaki ili maji yasipenye, akamtazama bibi, akapinduka. Tukaona tumbo la kayaki. Uso ukachomoza, ukazama tena. Mara ya pili hata uso hatukuuona, na Tittus alikuwa keshavua buti.

"Asiguswe!" bibi akafoka, huku mwenyewe ameshaingia majini mpaka magotini.

Kisha kasia likatokea, taratibu, likalala juu ya maji, na dada akapanda nalo, anatema chumvi, amekaa wima. Sijawahi kufurahi vile, wala kabla wala baadaye. Ufuko mzima ulipiga kelele, na sauti ya bibi ikapita zote:

"Mume wangu! Miaka thelathini na mitano huko chini unafanya nini? Supu imepoa!"

Alicheka huku analia, nasi vivyo hivyo. Alifariki usingizini mwaka 1989, mwanamke mwenye furaha.

Marehemu alifundisha wanaoanza kwa miaka thelathini na sita. Alianza nao ukumbini, kisha nyuma ya gati akiwa amesimama kando ameshika pua ya chombo. Hakumruhusu mtu kwenda peke yake. Mlima wa barafu aliukwepa kwa mbali hata ukiwa mzuri namna gani, kwa kuwa nao hupinduka na hauagi. Na asiyecheka siku ya kwanza alimpa kahawa kwanza, ndipo akamrudisha majini. Watu mia tatu na kumi na saba walipita mikononi mwake. Bahari haijamchukua hata mmoja.

Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Nuuk na Copenhagen, akaomba kurudi nyumbani. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa kumi na mbili asubuhi, kitandani kwake, Tittus amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Ivalo na Minik, wajukuu watano, na mimi.

Kaburi la bibi liko kule juu. Aliagiza aachiwe nafasi upande wa kushoto kwa ajili ya mumewe, ambaye bahari ilimkatalia hata kaburi, na kwa miaka thelathini na mitano hapajazikwa mtu. Dada aliomba alazwe hapo. Nilimwuliza Tittus kama ameridhia. "Ameahidi kurudi kwa bibi," akasema. "Mwacheni arudi."

Bibi, tumekuletea Ulloriaq. Safari hii bahari haikumpata. Laleni kwa amani, nyote wawili.