Madimba ya Tata Badibanga Si Mali ya Duka

Leo Jumamosi, siku ya posho, tarehe 27 Septemba 1958, Tata Badibanga Louis anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la kazi za mikono, hapa Kolwezi, kwa miaka kumi na minane. Bwana Henri, msimamizi wa duka, aliniagiza mimi, mmoja wa mafundi, niandike wasifu wa kuchangamsha na niusome mbele yenu. Nitachangamsha panapostahili. Penye hasira mtanivumilia, maana nimeshindwa kuimeza.

Tata Badibanga alikuja kutoka Kasai kwa gari-moshi, mzigo wake mkubwa ukiwa madimba aliyoichonga mwenyewe: mbao za kupigwa kwa fimbo, zilizopangwa juu ya vibuyu. Duka likamwajiri achonge nyingine za kuuza. Ndiye aliyeanzisha muziki wa alasiri hapa barazani, na desturi tunayoishika hadi leo: chombo hakitoki dukani kabla fundi wake hajampigia mnunuzi. Ndivyo fundi anavyokiaga.

Nani atasahau alasiri ya Barnabé? Kila kibuyu hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Barnabé, kwa woga wa buibui, aliziba kwa karatasi ya sigara. Madimba ikakohoa mbele ya wageni wote. Tata hakumkemea. Alitunga palepale wimbo wa mzee mwenye kifua, nasi tukaitikia kwa kukohoa. Bibi mmoja wa Kizungu akang'ang'ania kununua hiyohiyo. Barnabé sasa ni fundi hodari, ila buibui bado anawakimbia.

Sasa yale yanayoniuma. Madimba ya Tata, ile ya Kasai, hulala dukani kwa sababu Bwana Henri mwenyewe alimwomba asisumbuke kuibeba kila wiki kutoka nyumbani kwake, mtaa wa Manika. Haikuwahi kuwekwa bei. Jumanne Tata alikwenda kumzika dada yake, Kabedi. Aliporudi alikuta mahali pa madimba yake patupu. Bwana Henri ameiuza kwa mhandisi anayerudi Ulaya kwa treni ya Jumatatu. Tulipomuuliza, alijibu kwamba kinacholala dukani ni cha duka. Koti la Bwana Henri hulala humu kila usiku, na hatujaliuza.

Tata alisema tu, "Ile iko kitu yangu," kisha akarudi kusugua mbao za mteja. Mama Mbelu, mkewe, anasema tangu siku ile Tata hagusi chakula. Amefiwa, na akitoka matangani anaibiwa. Ndiyo, ni wizi, hata kama aliyechukua ndiye mwenye funguo.

Hata tukikubali kuiita ya duka, Tata hakumpigia mhandisi yule. Haikuagwa. Kwa desturi yetu haijauzwa.

Ratiba inasema muziki saa tisa. Mhandisi ameketi pale mstari wa mbele; tunamkaribisha sana. Mafundi wote tumekubaliana: hakuna atakayegusa fimbo wala ngoma. Madimba ya Tata imo stoo, imeviringishwa magunia tayari kwa stesheni. Tutakaa kimya hadi iwekwe mbele ya mwenyewe, na jua likizama tutakuwa bado tumekaa.

Tata Badibanga, asante kwa mikono yako, na kwa uvumilivu ambao sisi hatuna. Maisha mema nyumbani, wewe na Mama Mbelu, na majirani wakose usingizi kwa muziki wako.

Bwana Henri, fungua stoo.