Saluti ya Mshipi Uliolegea

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 2025, Bi Zuleka Abdilatif anastaafu baada ya kuhudumu kwa miaka ishirini na sita katika Karakana ya Mavazi ya Jukwaa ya Ngao, hapa mjini Meru. Mgeni rasmi anatarajiwa kuwasili asubuhi, saa nne kamili, kwa hiyo nyinyi waalikwa mna muda wa kutosha wa kuusoma wasifu huu, kuurudia, kisha kwenda sokoni na kurudi kabla hajafika.

Nimeombwa kuuandika mimi, Kiogora wa Sehemu ya Mabamba, kwa sababu hakuna mfanyakazi mwingine aliyegombana na Bi Zuleka kwa muda mrefu kama mimi. Mkurugenzi wetu, Bwana Mugambi, alitaka uwe mfupi, uwe wa kuchangamsha, na usitaje mishipi. Nimejitahidi katika mambo mawili ya kwanza. Alisema pia ataupitia kabla haujachapishwa, lakini namfahamu: kwenye programu yoyote yeye hutafuta picha yake, na akishaiona iko juu ya nyingine zote hufunga karatasi akaridhika. Tena wasifu wa Bi Zuleka usiotaja mishipi hauwezekani, maana zawadi pekee aliyoiomba akistaafu ni ruhusa ya kupunguza mishipi kumi na miwili, na alinyimwa. Badala yake leo atapewa saa ya ukuta.

Bi Zuleka ni mzaliwa wa mtaa wa Majengo, na cherehani aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa na duka la kushonea kanzu karibu na msikiti. Bwana Mugambi alipoingia pale dukani mara ya kwanza, mwaka wa 1999, aliagiza sketi nane za wanaume watu wazima. Bi Zuleka alimwonyesha mlango. Alirudi siku iliyofuata na mchoro wa askari wa Kirumi, akaeleza kwamba ni wa mchezo wa Pasaka. Bi Zuleka aliutazama mchoro kwa muda, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Na hawa ndani wamevaa nini?" Aliajiriwa wiki hiyohiyo.

Kwa wasioijua kazi yetu, vazi la vita la jukwaani lina pande mbili. Kuna mabamba ya kifuani, mabegani na mapajani, ambayo ndiyo mnayoyapiga picha. Hayo ni kazi yangu. Nayakata kutoka kwa matangi ya plastiki yaliyopasuka, nayalainisha kwa moto na kuyapaka rangi ya fedha mpaka mtu aape ni chuma. Halafu kuna nguo, ambazo hakuna anayeziona: kizibao kilichojazwa pamba ili bamba lisimchune mtu, kola laini ya shingoni, vikwapa vya kumwezesha kuinua mkuki, sketi ya vipande, na mshipi mpana wa kitambaa cha drili unaobeba uzito wote wa kiunoni. Hizo ni zake. Kwa miaka yote hiyo ameyaita mabamba yangu "mabati", nami kila mara nimemsahihisha, na kila mara amesema, "Sawa, lakini hayo mabati yako yangekuwa yananing'inia wapi?"

Msingi wa kazi yake ni mmoja: mtu hupimwa akiwa ameketi, na akiwa ameshiba. Mafundi wengine hupima mtu amesimama wima kama mlingoti wa bendera, kisha wanashangaa nguo inapopasuka. Bi Zuleka aligundua mapema kwamba askari wa jukwaani katika nchi hii hapigani sana. Anamngoja mgeni rasmi. Anaketi tangu asubuhi, anapewa soda na mkate, anaketi tena, anapewa wali, na kufikia wakati wa kucheza kwa dakika chache mbele ya wakubwa, tumbo lake si lile la asubuhi. Kwa hiyo sketi zake hukatwa fupi kwa nyuma ili zisikunjamane kwenye kiti, na mishipi yake huachiwa nafasi ya wali. Lastiki alikuwa hataki kuisikia. Lastiki, kwa maoni yake, ni ya fundi asiyelijua tumbo la mteja wake.

Msidhani alikuwa na kipimo kimoja kwa shughuli zote. Kwa michezo ya Ijumaa Kuu aliwapima askari wakiwa na njaa, kwa kuwa siku hiyo Wakristo hufunga. Mwaka wa 2023 Kwaresima iliangukia Ramadhani, na karakana nzima ikawa imefunga, kila mtu kwa sababu yake. Siku zile hapakuwa na mtu wa kusemeshwa. Ni yeye pia aliyebuni mfuko wa siri wa simu ndani ya kizibao, upande wa moyo. Wazo lilikuwa zuri, ila bamba langu likishafungwa juu mkono haufiki. Katika parokia moja upande wa Nkubu, ambayo sitaitaja, simu ya Gitari, kamanda wa askari wetu wa kuigiza, ililia wakati Bwana Yesu anavikwa taji la miiba, ikalia mpaka ikachoka, ikaanza tena. Ilikuwa ni nyumbani kwake Embu, walitaka kujua kama ng'ombe ameshapewa maji. Bi Zuleka alisema kosa ni la bamba. Mimi nasema kosa ni la mfuko. Jambo hili halijaamuliwa hadi leo, na ninasikitika kwamba anaondoka kabla hajakubali.

Sasa nije kwenye mishipi.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo wa 2023, kulikuwa na tamasha kubwa la utamaduni Embu. Karakana yetu ilikuwa katika hali mbaya, watu wameanza kukodi mavazi ya kununuliwa mtandaoni, na Bwana Mugambi alituambia kwamba tusipopewa kazi ya kuvisha tamasha hilo kila mwaka tutafunga milango. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja mwenye sifa ya kuchelewa kuliko waheshimiwa wote wa mlimani. Ratiba ilimtaja saa tatu. Kila mtu aliyeisoma ratiba alielewa saa nane. Siku chache kabla, Bi Zuleka, akiwa na uzoefu wake wote, aliwalisha Gitari na askari wenzake kumi na mmoja sahani ya wali na maharagwe, akawaketisha, akawapima na kuwashonea mishipi mipya ya tumbo la saa nane.

Mheshimiwa alifika saa tatu kasoro. Baadaye ilisemekana kwamba shughuli aliyokuwa achelewee kwanza ilikuwa imeahirishwa. Mkuu wa sherehe alikuwa bado ananyoa. Wali ulikuwa ndiyo kwanza unatiwa maji. Askari wetu waliamrishwa kujipanga uwanjani wakiwa hawajatia hata chai mdomoni, na walipoanza kutembea, mishipi ilianza safari yake ya kwenda chini, mabamba ya mapajani yakiivuta kwa bidii. Nilikuwa pembeni. Niliona kaptura ya mpira ya askari wa tatu, nambari saba pajani. Nikamwona Bi Zuleka ameweka mkono mdomoni.

Gitari ndiye aliyetuokoa. "Shikilieni, watu wangu," alisema bila kugeuza kichwa. "Shikilia na mkono ya kushoto na mutembee tu." Wote kumi na wawili wakakamata mishipi yao kiunoni kwa mkono wa kushoto, mkuki kulia, videvu juu, wakapita mbele ya jukwaa kuu kwa hatua fupi fupi, maana hatua ndefu ingeleta msiba.

Mheshimiwa aliinuka. Aliwatazama kwa makini, akaweka mkono wake wa kushoto kiunoni, akawarudishia saluti. Waliokuwa nyuma yake wakainuka na kuweka mikono viunoni. Kisha uwanja mzima. Katika hotuba yake alisema amefurahi kuona vijana hawajaisahau saluti ya mababu. Wiki mbili baadaye mtaalamu mmoja wa utamaduni alieleza redioni kwamba mkono wa kushoto huashiria amani ya nyumbani. Hivi sasa shule tatu ninazozijua mimi huifundisha kwa gwaride la asubuhi, na harusi moja kule Laare, bwana harusi akiwa mfanyabiashara mkubwa wa miraa, ilisindikizwa na askari wetu wote wakiwa wamejishika viuno kutoka barazani mpaka kwenye keki. Kazi ya tamasha tulipewa. Karakana haikufungwa. Mshahara wangu wa mwezi huu, kama nikisema ukweli, umetokana na wali uliochelewa kuiva.

Kila mtu alifurahi isipokuwa Bi Zuleka. Asubuhi ya Jumatatu baada ya tamasha aliitandaza mishipi ile mezani, akachukua chaki na mkasi. Bwana Mugambi akaingia mbio. "Mama, tafadhali, hiyo mshipi iwachwe vile iko," alisema. "Ukipunguza, hawa watashika nini? Hiyo sasa ni utamaduni."

"Mimi sikushona utamaduni," alisema Bi Zuleka. "Mimi nilikosea kipimo."

Mishipi ikafungiwa kabatini, na ufunguo ukaenda mfukoni mwa Bwana Mugambi. Kwa miaka miwili Bi Zuleka amekuwa akimwomba, kwa upole mara nyingi na kwa ukali mara chache. Nilimtania kwamba kosa lake limeajiri watu wengi kuliko ufundi wake. Alicheka, kisha akaniambia jambo moja. Alisema baba yake alikuwa akipita msikitini Ijumaa kuangalia migongo ya watu, na kila mshono aliouona ulikuwa sawasawa. Yeye, kila anapofungua televisheni siku ya sikukuu, huona watu wazima wameshikilia kosa lake. Alisema hataki kufa akikumbukwa kwa nguo iliyomshuka mtu. Iliniuma, na tangu siku hiyo sikumtania tena kuhusu hilo.

Jumatatu ya wiki hii mavazi yote kumi na mawili yalitolewa kabatini yafuliwe kwa ajili ya gwaride la heshima mtakaloliona leo. Bwana Mugambi alikuwa Nkubu akitafuta hema. Bi Zuleka alikuja mezani kwangu, akasimama, akasema, "Kiogora, niondolee mabamba yako." Ameyaita mabamba. Niliyaondoa yote bila kuuliza, nikayapanga ukutani.

Gitari aliwaleta wenzake. Bi Zuleka aliwapima kabla ya kula, wamesimama. Akaagiza chapati na ndengu kwa mwanawe Ismael, mwenye bucha pale Majengo, ambaye kwa heshima ya mama alitia na nyama. Akawapima tena, wameketi. Kisha akafungua droo, akatoa kitu ambacho sikutarajia kukiona mikononi mwake, bunda zima la lastiki pana nyeusi. Aliniona nikitazama. "Funga hiyo mdomo," aliniambia, kwa Kiswahili cha soko ambacho kwa kawaida hukikemea. Alipunguza kila mshipi, akatia lastiki nyuma chini ya bitana pasipoonekana, akaongeza kamba ya kukazia. Sasa unakaa tumbo likiwa tupu, unakaa tumbo likijaa. Alimwambia Gitari aruke. Gitari aliruka, akachuchumaa, akapiga mguu chini kama jenerali. Mshipi haukusogea. Bi Zuleka aliketi kwenye kiti cha cherehani akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akidai ni vumbi la drili.

Kwa hiyo zawadi yake ameshajipa mwenyewe, na kama Bwana Mugambi atakuwa amesoma mpaka hapa, nampongeza, na namwomba asimkasirikie mtu mwingine ila mimi. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ngao, namshukuru Bi Zuleka kwa shingo alizozikinga, kwapa alizoziachia nafasi na matumbo aliyoyaelewa. Mtu wa kushika kazi yake bado hajapatikana. Bwana Mugambi anasema kuna fulana za kunyumbuka zinazouzwa tayari. Nimezijaribu. Mabamba yangu yanazikalia vibaya na yananichuna, na hakuna wa kuniambia kwamba ni mabati. Nitakukosa sana, Bi Zuleka. Nenda nyumbani Majengo, uketi kwa raha, ule wakati chakula kikiwa moto, na usimngoje mgeni yeyote.

Kuna jambo moja limebaki. Gwaride la heshima litakapopita, mtaiona mikono ya kushoto kiunoni kama kawaida. Jana Gitari aliwauliza wenzake kama waishushe, kwa kuwa sasa haina kazi. Walikataa, wote kumi na mmoja. Basi ukiiona, Bi Zuleka, usiinuke kwenda kuangalia mishipi. Haishikilii kitu. Wanakusalimu wewe.