Utando Uliozikwa Kibokoni

SADAF: Haloo? Ni nani mwenzangu?

MWANAKUU: Mamaake Riyadh. Sauti yangu ushaisahau?

SADAF: Msalkheri, mama. Nambari ni ngeni, ndiyo maana—

MWANAKUU: Simu ya kuazima, niko hospitali. Mjukuu wangu hajambo?

SADAF: Hajambo, alhamdulillah, yuwanyonya. Hospitali kuna nani?

MWANAKUU: Mumeo. Alikuwa akipaka chumba chenu chokaa, ati mrudi arobaini ikiisha mkute kweupe. Imemrukia jichoni.

SADAF: Ya Rabbi. Macho yote ama—

MWANAKUU: La kulia. Limeungua. Daktari ataka kulibandika ule utando mwembamba wa kondo la nyuma, ndio uponyao. Asema usipobandikwa mapema litafunga kovu, asione tena.

SADAF: Si wambandike basi!

MWANAKUU: Hawana. Wasema wanawake wanaozaa kwa kupasuliwa huombwa kondo zao, wengi hukataa.

SADAF: Mimi sikukataa, mama.

MWANAKUU: Mtandao huu... sikusikii.

SADAF: Nasema sikukataa. Muuguzi aliniomba nikaitikia. Wewe ndiwe uliyesema kondo la mjukuu wako halitiwi kwenye friji ya watu, lazikwa uani. Ukaondoka nalo ndani ya ndoo, mimi ganzi haijanitoka.

MWANAKUU: Ndiyo ada yetu Kibokoni. Wajukuu wangu wote—

SADAF: Leo utando ungekuwapo. Wangekuwa washaupima, washauhifadhi.

MWANAKUU: Wanihukumu, Sadaf?

SADAF: La. Namwachia mamangu mtoto, naja huko.

MWANAKUU: Usije.

(Mtoto analia karibu na simu.)

SADAF: Kwa nini nisije?

MWANAKUU: Huyo muuguzi ana mdomo. Kamwambia Riyadh kuwa hata mkewe aliombwa. Mwanangu akaniuliza ni nani aliyekataa.

SADAF: Ukamwambiaje?

MWANAKUU: Mimi sina mwana mwingine wa kiume ila yeye. Mke hupatikana mwingine. Mama je?

SADAF: Ulimwambiaje, mama?

MWANAKUU: Nilimwambia ni wewe. Kwamba nyinyi wa kwenu mwaona kinyaa, mimi nikalichukua nikalizike lisitupwe jaani.

SADAF: Naye akaamini?

MWANAKUU: Upesi kuliko nilivyodhani.

(Simu inakwaruza.)

SADAF: Mpe simu.

MWANAKUU: Hataki. Nimekupigia usije ukanikanusha mbele yake. Ukinyamaza, mtoto utakaa naye hata aache ziwa. Ukisema—

SADAF: Nakusihi, mama, mpe simu. Neno moja tu.

MWANAKUU: Mwenye simu aitaka simu yake. Nisalimie mamako.

SADAF: Mama, mimi nampenda—

MWANAKUU: Hata mimi nampenda. Sasa usihangaike kufunga mizigo. Kasema ukae huko huko Mbaraki kwenu.

SADAF: Kasema yeye, ama wasema wewe? Mama? Haloo?