Mwalimu Ildefons Kyaruzi, Aliyeisimulia Kesho kwa Wakati Uliopita (1952–2025)

Baba Paroko, wana ukoo, majirani wa Muhutwe, na ninyi mliotoka Bukoba mjini na viatu visivyojua tope: habari mtakayoisikia hapa hakuna atakayeiamini. Mwenye haraka aanze kutoamini sasa hivi, apumzike mapema. Wasifu huu unasomwa na mdogo wa marehemu, Gozbert, ambaye aliacha shule darasa la nne baada ya kuona kwamba yaliyobaki anayajua. Ukoo umemchagua kwa sababu ya sauti. Vyeti havikuulizwa.

Mwalimu Ildefons, ambaye wengi tulimwita Ta Ildefons kwa heshima, alizaliwa tarehe 3 Februari 1952 katika kibanja hikihiki, shamba hili la ukoo mlilokalia, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Aroni Kyaruzi na marehemu Mama Consolata. Inasemekana alizaliwa akitazama mlangoni, kama mtu anayengoja mgeni. Gozbert alifuata miaka mitano baadaye akiwa na sura nzuri zaidi, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulipinga mbele ya watu.

Alisoma katika shule ya misheni ya hapa jirani. Mwaka 1965 mwalimu aliwapa insha: "Maisha yangu baada ya miaka thelathini." Wenzake wakaandika nitakuwa daktari, nitajenga nyumba ya bati. Ildefons akaandika hivi: "Mwaka 1995 nilikuwa na simu isiyo na waya. Niliiweka mfukoni pamoja na karanga. Mke wangu alinipigia nikiwa shambani, nikajifanya sisikii." Mwalimu akamwita mbele.

"Kyaruzi, umeandika -li- mwanzo mpaka mwisho. Mambo yajayo ni -ta-. Hujui nyakati wewe?"

"Nazijua, mwalimu. Lakini huko nilishakwenda nikarudi. Mtu aliyerudi safari hasemi nitaona."

Alipata sifuri, na viboko juu yake. Sifuri hiyo haikumzuia kwenda chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1973, akafundisha Kiswahili katika shule za msingi za Muleba mpaka alipostaafu mwaka 2012.

Waliopita mikononi mwake wanakikumbuka kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Mtoto alisimama, akachagua mwaka ambao haujafika, akausimulia kama vile ametoka huko jana. Aliyeteleza akasema "nitaona" alikaa chini. Siku moja mkaguzi aliingia akamkuta binti mmoja anaeleza jinsi ziwa lilivyopanda, soko likahamia mlimani, na wauza dagaa walivyogombania kivuli huko juu.

"Mwalimu, hili ni somo gani?"

"Historia, waitu," alijibu kwa neno letu la heshima.

"Historia ya lini?"

"Ya mwaka 2070."

Mkaguzi alikaa mpaka mwisho wa kipindi. Wakati wa kuondoka alimvuta marehemu pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kwenye hiyo historia wakaguzi walikuwa bado wanalipwa posho.

Wapo waliomwita mpiga ramli, na sababu yake ni hii. Mwaka 1998, watu wakiwa kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, marehemu aliwaambia: "Mwaka ule migomba iliponyauka, waliokuwa na mihogo na viazi walikula. Wenye maringo walikula maringo." Walicheka mpaka mmoja akamwaga kibuyu. Mhaya ashindilie mihogo? Wachache walipanda kimyakimya, wakisema ni ya nguruwe. Mbwenu, sasa basi, mnyauko ulipoingia Kagera, nguruwe hao walinenepa. Baadhi yao wamekaa hapa mbele, wamevaa tai.

Watu walipomletea jogoo wa shukrani, marehemu alimpokea jogoo akazikataa sifa. "Mimi si mganga," alisema. "Nimewasimulia kesho nyingi sana na karibu zote zimenikosa. Niliwaambia mwaka 2010 senene waliitwa kwa redio, wakatua sufuriani wenyewe. Mmewaona? Nasimulia ili mjaribu kuikalia kesho kabla haijaja, muone inabana wapi."

Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa takatifu na Vestina, binti wa Mzee Rugambwa wa Rubafu. Gozbert ndiye aliyemsindikiza kwenda kuchumbia, na kusema kweli sura ya Gozbert ilisaidia kufungua mlango. Baada ya hapo marehemu aliharibu karibu kila kitu. Badala ya kumwomba binti wa watu, alimwambia: "Vestina, tuliishi vizuri sana. Tulizaa watoto watano. Ulikuwa unapenda kunikatiza maneno, lakini nilizoea."

"Nani amekwambia nimekubali?"

"Unaona, ulianza hivyohivyo."

Vestina alicheka hadi akaketi chini. Mzee Rugambwa, aliyekuwa akisikiliza dirishani, aliuliza kama kijana ana malaria. Walizaa watoto watano kamili.

Mwezi Agosti mwaka jana marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Akiwa bado anakwenda kliniki, mtoto wake wa kwanza, Dastan, mfanyabiashara wa Kashai, alileta habari ya tajiri anayetaka upande wa juu wa kibanja, ule unaopakana na lami, ajenge kituo cha mafuta. Upande huo ndio wenye mibuni ya zamani, na ndimo walimolala Mzee Aroni na Mama Consolata. Ukoo uligawanyika. Wapo waliosema wafu hawali, wapo waliosema tajiri naye ana ukoo wake, akajenge huko. Marehemu hakukataza. Alijua baba anayekataza akiwa na kadi ya kliniki mkononi atatiiwa hadi siku ya mazishi tu, kisha kesho yake matingatinga yanaingia. Alitaka wakatae wenyewe, la sivyo wauze macho yakiwa wazi. Lakini usingizi ulimpotea, na Mama Vestina alimkuta mara kadhaa amesimama kati ya mibuni akiwa na blanketi.

Krismasi tulijaa hapa nyumbani kama kawaida yetu. Baada ya ndizi na samaki, marehemu akasema: "Kila mmoja anisimulie alivyokuja nyumbani mwaka 2060. Dastan, wewe mkubwa, anza."

Dastan alisimama na kinywaji chake. "Mwaka 2060 nilikuja na gari jipya. Nilijaza mafuta hapahapa kwetu, kwa bei ya ndugu. Baba mdogo Gozbert alikuwa ameajiriwa kufuta vioo."

Watu walicheka sana, zaidi ya ilivyostahili. Kisha akasimama binti wa Dastan, Kokuhirwa, fundi cherehani, mtu wa maneno machache.

"Mwaka 2060 nilikuja kumwona baba," alisema. "Sikuipata njia. Nikamuuliza kijana wa pampu, Dastan Kyaruzi amelala wapi? Akaniambia, mama, sogeza gari kwanza, unazuia foleni. Nikasogeza. Akanionyesha kati ya dizeli na choo. Nikaweka maua. Mtu akatoka chooni akayakanyaga, akaniomba radhi, akaniuliza kama nauza."

Dastan aliweka kinywaji mezani. "Koku, mbona umeniua?"

"Ni 2060, baba. Ungekuwa na miaka themanini."

"Basi ungenizika mbali na choo, mwanangu."

"Nilitaka. Hapakuwa na mahali pengine. Uliuza."

Marehemu hakuongeza neno hata moja, na kwa mwalimu wa miaka thelathini na tisa hiyo ilikuwa kazi nzito. Aliomba tu apewe chai.

Hali yake ilizidi kuwa mbaya mwezi Februari, akalazwa hospitali mjini Bukoba. Jumamosi tarehe 8 Machi ukoo ulikutana hapa bila yeye. Dastan alisimama akasema maneno yasiyojaza kiganja: amekwisha kumwambia tajiri hapana, na upande wa juu utabaki wa mibuni na wa wazee wetu. Wote waliafiki, hata wale waliokuwa wamekwisha kuchagua rangi ya pikipiki. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, Mwalimu Ildefons alifariki dunia kwa utulivu, Mama Vestina akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, mdogo mmoja, na wanafunzi wengi ambao hadi leo wanachanganya nyakati. Mungu ampokee, naye alale salama kwenye kibanja chake, chini ya mibuni ya baba yake.

Kuna jambo moja ambalo Baba Paroko alishauri liachwe, nalo linasomwa kwa ruhusa ya mjane. Jumapili ile, siku mbili kabla ya kifo, Gozbert alikwenda hospitali kumpelekea kaka yake habari za kikao. Alimkuta amefumba macho, akavuta kiti.

"Kaka, kibanja kimepona," alisema. "Ilikuwa vita, waitu. Nilisimama mimi, wazee wakanyamaza wote. Nikaitaja mipaka yote, kuanzia kwa babu yake babu. Dastan akalia. Tajiri naye alikuwepo, kaka, na walinzi wake. Nikamkazia macho akaanza kurudi nyuma, akaangukia kwenye mbuni, kiatu kikabaki, mimi nikakiinua juu kiatu kile, nikamwambia, bwana mkubwa, kwa jina la—"

"Gozbert," alisema marehemu bila kufumbua macho. "Dastan alinipitia jana jioni, akanieleza mwenyewe. Tajiri hakuja. Wewe ulikuwa umelala tangu sala ya kufungua."