Jozi Mbili za Viatu Jikoni kwa Eudocia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Sheria, Dkt. Octavio Larrabure;
Mheshimiwa Meya wa wilaya;
Maafisa wa itifaki na wa polisi mlioongozana naye;
Wazee, akina mama na vijana wa Alto Quinual:

KARIBU

Sisi wakazi wa Alto Quinual tumefurahi kukuona, kwa sababu wageni wengi walioahidi kufika waligeuzia magari yao kule chini lami inapoishia. Umekuja kufungua kituo cha polisi kilichojengwa kwa msaada wa kampuni ya mgodi. Asante kwa kuja. Kuhusu kituo chenyewe tutasema mbele kidogo.

Afisa wako wa itifaki alitutumia ujumbe kwamba risala iwe ya ukurasa mmoja na isiwe na sehemu ya changamoto. Ukurasa mmoja haukutosha, tunaomba radhi. Kuhusu changamoto tumetii: hakuna sehemu yenye kichwa hicho.

TULIKOTOKA

Kijiji hiki hakijawahi kuwa na polisi. Wezi wa ng'ombe walipotuzidi nguvu, wazazi wetu waliunda ronda, ambayo ndiyo sungusungu wetu. Baadaye Katiba ya nchi iliitambua. Mtu akikamatwa na ronda hafungwi kamba. Hutembea na walinzi, hula nao chungu kimoja, huulizwa mbele ya mkutano wa kijiji, kisha hurudi kwao.

Zamani alikamatwa mwizi mmoja akalala na viatu vilivyolowa. Baridi ya huku juu ikamla vidole viwili vya mguu. Ng'ombe walirudi kwa mwenyewe, vidole havikurudi. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba yeyote aliye mikononi mwa ronda, awe mwizi au mpita njia, huvuliwa viatu vilivyolowa na vikakaushwa jikoni. Kazi hiyo ni ya mama mwenye nyumba. Watoto wetu huijua kanuni hii kabla ya kujua kusoma.

MAFANIKIO

Wizi wa ng'ombe umekwisha. Mfereji unaotoka ziwa Cushuro unanywesha mashamba ya viazi na shayiri ya vijiji vyote vya bonde hili, na hatujawahi kwenda mahakamani kwa ugomvi wa maji. Kampuni ilipotangaza kwamba itakausha ziwa ili ipate pa kumwaga mawe taka, tulipanda hadi ukingoni tukakaa huko na masufuria na watoto wetu. Hakuna jiwe lililorushwa. Taarifa ya polisi wenyewe inasema hivyo.

YALIYOTOKEA ZIWANI

Kati yetu yuko Eudocia Chuquilín, mjane, kiongozi wa ronda ya wanawake. Ndiye yule aliyeketi pale karibu na mlango, mwenye kofia ya ukindu. Alasiri moja, baada ya kambi yetu ya ukingoni kuvunjwa, alikuwa akichunga kondoo akaona wanaume wawili wakipigilia vigingi vyekundu kandokando ya ziwa, mahali ambapo hakuna aliyewapa ruhusa.

"Mnapima nini, wanangu?"

"Tunapima tu, mama," alijibu yule kijana.

"Mnapima tu? Hata fundi wa nguo hapimi tu. Mnashona nini?"

Kijana alicheka. Mwenzake, Injinia Barrenechea, mtu mzima, hakucheka. Mvua ya mawe ikaanza. Wilder Chugnas na Segundo Tanta, waliokuwa zamu, wakafika mbio, wakawaambia wageni kwamba watashuka nao kijijini, asubuhi waueleze mkutano nani amewatuma.

"Kwa hiyo tumekamatwa?" aliuliza Barrenechea.

"Mmenyeshewa, injinia," alisema Segundo. "Tuanze na hilo."

Nyumba iliyokuwa karibu ni ya Eudocia. Alipowaona wakitetemeka kando ya moto hakufikiria kigingi wala kampuni. Alitazama miguu. Anasema aliona maji yakitoka kwenye matundu ya kamba, akakumbuka vile vidole.

"Vua."

"Viatu vyangu unavitakia nini, mama?" kijana aliuliza.

"Unataka kuzika vidole vyako huku kwetu? Lete mguu hapa."

Akafungua kamba kwa mkono wake. Akajaza majani makavu ya shayiri ndani ya viatu, akavipanga kando ya jiko, visigino vikielekea moto ili ngozi ya mbele isipasuke. Simbilisi anaowafuga jikoni wakaja kuvinusa. Kisha akawapa katambuga za tairi za marehemu mume wake. Visigino vya Barrenechea vilining'inia nje.

"Bosi, sasa umekuwa sungusungu kamili," kijana alimtania, na safari hii hata mkubwa alicheka.

Walikunywa supu ya viazi yenye jibini, wakatafuna bisi za mahindi, wakalala juu ya ngozi za kondoo. Asubuhi mkutano uliwauliza, wakajibu, wakaombwa wasirudi bila ruhusa. Barrenechea alipokuwa akifunga kamba alimwambia Eudocia, "Mama, havijawahi kukauka vizuri hivi." Tulisikia wengi.

Miezi michache baadaye Eudocia, Wilder na Segundo walishtakiwa kwa utekaji nyara. Mwendesha mashtaka ameomba wafungwe miaka thelathini kila mmoja. Eudocia ana miaka sitini na mmoja.

Mheshimiwa, wewe ni mwanasheria. Tunanukuu jinsi mwendesha mashtaka alivyomhoji Eudocia mahakamani, kama ilivyokuwa.

"Ulivua viatu vya wahandisi hawa?"

"Nilivua."

"Vilikaa wapi usiku ule?"

"Kando ya jiko."

"Wangeweza kuondoka nyumbani kwako bila viatu?"

"Kwenye barafu ile? Hata wewe usingeweza, mwanangu."

Hakimu alimtaka ajibu ndiyo au hapana. Eudocia alifikiri anaulizwa juu ya hali ya hewa. Akasema, "Hapana."

Mwendesha mashtaka akashukuru, akakaa. Wakili wetu alivua miwani akaanza kuifuta, na alipomaliza kuifuta akaendelea kuifuta. Hakuna aliyeuliza kuhusu katambuga. Wahandisi walikuwa wameandika maelezo yao kupitia ofisi ya kampuni, wenyewe hawakuitwa.

TUNAVYOISHI SASA

Eudocia amekatazwa kukaribia ziwa. Malisho ya kondoo wake yako ukingoni mwa ziwa, kwa hiyo husimama kwenye ukuta wa mawe akampigia mbwa miluzi kutoka mbali, na mbwa mara nyingine husikia. Kila mwezi anashuka mjini kusaini mahakamani, na siku hiyo hukosa kupanda au kuvuna.

Na sisi hatutulii. Injini ikisikika bondeni, watu husimama na vijiko mkononi hadi gari lipite. Vijana wawili wamekataa zamu ya ronda, na hatuwezi kuwalaumu.

Kuna jambo dogo linalotuumiza kuliko hayo. Msimu huu wa mvua alifika muuza chumvi, amelowa hadi magotini, akapiga hodi nyumba tatu. Kote alikaribishwa ndani, kote alipewa supu. Lakini hakuna mama aliyethubutu kugusa viatu vyake. Mmoja alimwambia, "Vua mwenyewe, kaka, na kwanza niite shahidi." Tulicheka. Muuza chumvi alilala na viatu vyake miguuni.

Kuhusu kituo: kimejengwa kwenye njia ya kwenda ziwani, mbali na nyumba zetu. Wezi wa ng'ombe hawajawahi kupita njia hiyo. Tunaopita ni sisi.

MAOMBI

Tunajua kwamba Naibu Waziri hampangii hakimu hukumu, na hatukuombi hivyo. Tunaomba ofisi yako iikumbushe mahakama kifungu cha Katiba kinachoitambua ronda na desturi zake. Tunaomba wahandisi wawili waitwe waseme kwa vinywa vyao. Tunaomba ziwa lisiguswe hadi wanaolinywa waulizwe.

Aya zinazofuata zimeongezwa kwa kalamu leo asubuhi.

Gari lako lilizama kwenye kinamasi, ukamalizia njia kwa miguu, ukatufikia ukiwa umelowa. Eudocia alikuwa mstari wa mbele kukupokea. Alitazama miguu yako, kisha akaficha mikono nyuma ya mgongo. Sote tulimwona. Ni wewe uliyeanza kusema naye.

"Mama, kuna mahali naweza kukausha hivi viatu?"

"Mheshimiwa, hao askari wako wanaona?"

"Wanaona."

"Wanasikia kwamba umeomba mwenyewe?"

"Wanasikia, mama."

"Basi lete mguu."

Hivi sasa viatu vyako viko jikoni kwake vimejazwa majani ya shayiri, visigino vikielekea moto, na wewe umeketi mbele yetu umevaa katambuga za marehemu. Visigino vyako navyo vinaning'inia.

Hukumu inasomwa Ijumaa ijayo. Kwa hiyo tuna ombi moja zaidi, ambalo hatukulijua jana. Tunakuomba uende pale mahakamani, uulizwe maswali yaleyale matatu aliyoulizwa Eudocia, uyajibu kwa ukweli kama alivyoyajibu yeye, kisha uongeze lile la nne ambalo yeye hakuulizwa: je, ulikuwa umetekwa?

Viatu vitakuwa tayari baada ya chakula. Ukivihitaji kabla ya hapo, sema tu, vitaletwa kama vilivyo. Mlango uko wazi.

Mungu akushushe salama, akulinde na baridi ya njiani, na akufikishe nyumbani ukiwa na vidole vyako vyote.

Ni sisi,
wakazi na ronda ya Alto Quinual, wanawake kwa wanaume.

Imesomwa kwa niaba yao na Nélida Huatay, katibu.