Spika Nne za Chemchemi ya Jalsuri

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha utunzi na sanaa ya sauti katika kitivo chetu cha muziki hapa La Paz, Profesa Saturnino Callisaya anastaafu tarehe 30 Juni. Kitivo kinafurahi kwa niaba yake. Mimi sifurahi, na kudanganya sijui.

Mwaka wake wa kwanza aliingia jikoni kwangu hapa kitivoni akitaka kunasa sauti ya supu ya chairo ikichemka. Nikamwambia, "Supu hailiwi kwa masikio. Kaa ule." Akakaa, akala, akanasa. Wanafunzi wake nao hawakuandika noti hata moja kabla ya kushinda sokoni wakisikiliza tu. Baadhi yao leo ni watunzi wa kutajika.

Kisa cha spika mnakijua. Kijijini kwao Jalsuri, Kanivali ikikaribia, wapiga filimbi za matete huzilaza kando ya chemchemi ili binti wa maji, pepo wa chemchemi, azitie sauti. Saturnino akawaza, kama filimbi hutiwa sauti, spika je? Akapeleka spika nne za kitivo. Kulipokucha zote zimelowa, zimekufa. Mkuu wa kitivo akafoka, "Spika si filimbi, bwana!" Naye akajibu, "Wewe ulishawahi kujaribu?"

Kinasa sauti chake, alichokifunika kwa joho lake la poncho, kilipona, na ndani yake maji yalikuwa yakiimba. Kwa maji hayo alitunga kazi yake kubwa kuliko zote. Lakini Mama Teodora, mtunza chemchemi, alikataa isipigwe: "Anayeyataka maji yetu aje kwa miguu yake." Saturnino akaifungia kabatini. Hata alipoalikwa ng'ambo hakuipiga. Ndiyo maana jina lake halikuvuka milima hii, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha mgodi ulio juu ya kijiji ukageuza njia ya maji, chemchemi ikakauka. Kanivali iliyopita Mama Teodora alishuka mwenyewe hadi kitivoni. "Saturnino baba, turudishie maji yetu, hata yakiwa sauti tupu."

Tukapanda wote hadi Jalsuri. Alipanga spika nne mpya juu ya mawe ya chemchemi, vijana wakalaza filimbi zao, maji yakaimba tena. Mama Teodora alilia kama mtoto. Asubuhi wakazipuliza filimbi: sauti ni ile ile ya kabla ya kulazwa. Zilikuwa kavu. Saturnino alikunja nyaya zake.

Sasa anahamia Jalsuri, kusimama na wenzake katika kesi ya maji dhidi ya mgodi. Asante, mwanangu, kwa masikio yako. Bakuli lako hapa halipewi mtu. Tunakutakia afya njema, na mawe ya chemchemi yaliyolowa tena.

Basilia, wa jikoni